Kalkuleta Nayo Husoma

Bonyeza 2 + 3 × 4, halafu alama ya sawa. Kalkuleta ya dukani, ile ya vitufe vikubwa inayolala kando ya mizani, itakwambia 20. Simu yako itasema 14. Casio fx-82MS, ile karibu kila mtu alibeba sekondari, nayo itasema 14. Hakuna iliyoharibika. Zimesoma sentensi moja kwa njia mbili.

Sisi tunaopenda kalkuleta, na tuko wengi kuliko unavyodhani, huongea sana kuhusu mwili wake. Utasikia habari za kitufe kinavyolia, namba nyekundu zilizokuwa ziking'aa kwenye mashine za miaka ya sabini, kile kipande cha jua kinachofanya kazi hata betri ikifa. Mimi pia mambo hayo hunishika. Niliacha chuo mwaka wa pili, kalkuleta sikuiacha. Lakini naona mapenzi yetu yamekwama kwenye ngozi. Kalkuleta ni msomaji. Unaiandikia sentensi, nayo inaamua itaisoma vipi. Na msomaji anaweza kuhakikiwa kama mwingine yeyote.

Anza na ile ya dukani. Inasikiliza jinsi mtu anavyosikiliza stori: ukisema 2 jumlisha 3, tayari imeshika 5, haikungoji umalize. Ukiongeza mara 4, inazidisha ile 5. Mwalimu wa BODMAS atashika kichwa, lakini mwenye duka hana shida nayo. Anayejua kazi yake hutumia M+: anazidisha bei ya sukari kwa pakiti mbili, M+, bei ya unga kwa pakiti tatu, M+, kisha anaita kumbukumbu na jumla inatokea. Halafu anageuza skrini uione. Eastleigh unaweza kufanya biashara nzima hivyo, yeye anaandika bei, wewe unafuta na kuandika yako, bila kuelewana neno lingine. Kasoro yake ni kwamba haiachi ushahidi. Ukishabonyeza kinachofuata, ulichoandika kimepotea.

fx-82MS hungoja. Unaandika sentensi yote, inabaki mstari wa juu, jibu linakaa chini. Jibu likikushangaza unarudi kutafuta ulipoteleza. Kwa mtoto wa shule hilo si jambo dogo, maana mashine imehifadhi maneno yake mwenyewe.

Halafu kuna HP-35, ambayo wakusanyaji huitaja kwa sauti ya chini kama wanataja mtume. Ilitoka Marekani mwaka 1972 kwa dola 395, na Bill Hewlett alitaka iingie mfuko wa shati. Haina kitufe cha sawa. Unataja namba kwanza, kitendo mwisho: 3, ENTER, 4, zidisha, kisha 2, jumlisha. Ni kama kutaja wahusika wote ndipo useme walifanyiana nini. Haihitaji mabano, kwa sababu mpangilio umeshaupanga wewe kichwani. Ndiyo maana wanaoipenda hujiona wateule kidogo. Lakini tusiiabudu. Za mwanzo zilikuwa na kosa: ukichukua logi asilia ya 2.02 kisha ukairudisha, zilikupa 2. Mashine iliyomdai mtumiaji nidhamu yote hiyo ilimeza sehemu mbili za mia bila kusema kitu.

Kumeza bila kusema ndiyo dhambi ninayoihukumu hapa. Texas Instruments waliuza TI-82, na ukiandika 6 ÷ 2(1 + 2) inakupa 1, kwa sababu inaona ile 2 imeshikana na mabano. TI-83 iliyofuata inakupa 9. Kampuni moja, sentensi moja, na hakuna kwenye skrini kinachokuonya kwamba usomaji umebadilika. Sasa iangalie Casio ya kizazi cha ClassWiz. Ukiiandikia sentensi hiyo hiyo, inaongeza mabano yake pale juu: 6 ÷ (2(1 + 2)), kisha inakupa 1. Unaweza kubishana nayo, lakini imekuonyesha ilivyokuelewa. Ni kama mhariri anayerekebisha kwa wino mwekundu badala ya kubadilisha kimya kimya. Kwangu hiyo ndiyo kalkuleta bora kuliko hizi zote, na ni ya kisasa, hata kama moyo wangu unavutwa na zile za zamani.

Mtu atasema huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Haya, chukua mkopo wa 60,000 kwa miezi sita, riba asilimia 2 kwa mwezi, unapunguza deni kwa 10,000 kila mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anasoma "asilimia 2 kwa mwezi" kuwa asilimia 2 ya mkopo wote, kila mwezi, hata ukiwa umebakisha 10,000 tu. Riba: 7,200. Wa pili anasoma kuwa asilimia 2 ya salio, yaani ya 60,000, kisha 50,000, mpaka 10,000. Riba: 4,200. Tangazo ni moja neno kwa neno, na tofauti ni 3,000. Kwenye kalkuleta ya duka, M+ mara sita inatosha kulijua hilo. Kwenye programu ya simu unaandika kiasi, unabonyeza kitufe kimoja, na jibu linatokea likiwa limevaa rangi nzuri. Usomaji umefanyika mahali ambapo huoni.

Majirani zetu Tanzania walilielewa jambo hili kabla yetu. Kalkuleta kwa Kiswahili sanifu ni kikokotoo, lakini huko ukisema kikokotoo watu hufikiria pensheni. Mwaka 2018 kanuni mpya ilitaka mstaafu apewe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, wakati wengi wa serikalini walizoea 50. Kelele zikawa nyingi mpaka Desemba Rais John Magufuli akaisitisha. Mwaka 2022 hesabu ikarudi na asilimia 33, na mjadala ukarudi nayo. Walimu na manesi hawakuwa wakibishana kuhusu kuzidisha. Walikuwa wakiuliza nani aliandika sentensi, na kwa nini imesomwa hivyo.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema kalkuleta zimetufanya wavivu. Mvivu ni yule anayepokea jibu bila kuuliza sentensi ilisomwaje, na huyo alikuwepo hata enzi za kuhesabu kwa vidole. Ukinunua kalkuleta, mpya au kuukuu, usiangalie tu ina vitufe vingapi. Ipe 2 + 3 × 4 pale pale kaunta, ujue unazungumza na msomaji wa aina gani. Na siku mtu akikuletea jumla bila hatua zake, iwe benki, iwe mwajiri, iwe serikali, mwombe ageuze skrini.