Jiwe Halina Haraka

Mkokoa hauzai kama mwembe. Matunda yake huchomoza kwenye shina lenyewe, utadhani kuna mtu aliyepita akayabandika. Ndivyo nilivyouona Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chini ya kivuli cha migomba. Mwenyeji wangu, mama wa Kinyakyusa, alilipasua tunda kwa kirungu. Panga, alisema, hujeruhi mbegu. Ndani mlikuwa na mbegu 30 na ushei, zimegandana katika utelezi mweupe. Nilimumunya moja, tamu kama stafeli. Nilipoitafuna, uchungu mtupu.

"Hiyo bado mbegu tu, mwanangu," mama alicheka. "Chokoleti haijaja."

Huja kwa kuchacha. Mbegu hurundikwa na kufunikwa majani ya mgomba kwa siku tano hadi saba. Rundo hupata moto lenyewe, hata kukaribia nyuzi 50. Mbegu hufa, na hapo ndipo ladha huanza kujengeka. Kisha huanikwa juani, zikigeuzwageuzwa mpaka zikauke.

Zilizokauka tulizikaanga hadi zikaanza kualika. Tukazimenya vidole vikiungua, tukapepeta kwa ungo. Ndipo mama akaleta jiwe lake la kusagia ulezi.

Nilisukuma kwa pupa, unga ukamwagika. "Jiwe halina haraka," akasema, akanipokea. Hakutumia misuli, aliuegemeza mwili, mbele, nyuma, mbele. Unga ukaanza kung'aa, ukashikana, mara ukawa uji mzito wa kahawia, bila tone la maji. Karibu nusu ya mbegu ya kokoa ni mafuta, na msuguano huyayeyusha. Mama hakuongeza kitu. Alikitoa tu kilichokuwamo.

Kule Mexico, ambako kinywaji cha kokoa ni cha kale, wanawake wa Oaxaca husagia juu ya jiwe liitwalo metate, kisha hupandisha povu kwa mti uliochongwa, molinillo. Mama hakuwahi kuyasikia majina hayo. Alimimina maji ya moto na sukari, akadondosha iliki, akachukua upekecho na kuuzungusha kati ya viganja mpaka povu likajaa.

Tulikunywa kwa vikombe vya bati. Mafuta yalielea juu, midomo ikang'aa, na chini kabisa zilibaki chembechembe ambazo jiwe halikuzimaliza. Kiwandani zingeitwa kasoro. Mimi nilizitafuna moja moja.