Mtu wa Zagayu ndani ya Naivas: hawa watu wanajua duka!

Jamani, ukipata safari ya Kisumu, Kenya, usirudi Simiyu bila kuingia supamaketi ya Naivas! Nimeingia kwa mara ya kwanza na ninaandika haraka kabla mzuka haujaniisha. Kwetu Zagayu duka ni la mangi: dirisha, nondo, na mzani juu ya meza. Kwa hiyo pokea uhakiki huu kama wa mtu ambaye hajazoea kusukuma kitoroli, na nikwambie mapema: nimeipenda mno.

Kitu cha kwanza ni harufu. Tanuri la mkate liko humohumo dukani, mikate inatoka, wateja wamesimama wanaingoja, na unayoibeba bado inaunguza vidole. Hatua chache mbele kuna kaunta ya chakula kilichopikwa, kisha bucha, kisha mboga na matunda mabichi. Sabuni na mafuta ya kupikia viko ndani zaidi, na ili uvifikie lazima upite kwenye vinavyonukia. Ujanja mtupu! Sabuni unanunua mara moja ukasahau wiki nzima, ila mkate na mboga vinakurudisha kila siku, na kila ukirudi hutoki na mkate peke yake. Mimi nilifuata mkate, nikajikuta kaunta ya kulipia na maziwa, dawa ya meno na soksi. Soksi!

Sasa sikia historia yake, maana ndiyo iliyonimaliza kabisa. Naivas ilianza 1990 huko Rongai, mji mdogo wa wakulima karibu na Nakuru. Mwanzilishi ni Peter Mukuha Kago, na biashara ilikuwa ya familia. Mwaka 2013 Massmart ya Afrika Kusini, iliyokuwa mikononi mwa Walmart ya Marekani, ilitaka kununua sehemu kubwa ya hisa. Familia ikavutana, dili likafa. Ungedhani basi, imekwisha. Wapi! Mwaka 2020 wawekezaji wa nje walichukua takriban asilimia 30, mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius likachukua asilimia 40, na mwaka 2023 Naivas ikafungua tawi la 100. Kutoka Rongai!

Na wakati huo wote wenzao walikuwa wanadondoka. Sisi Watanzania tunawakumbuka: Shoprite ilifunga virago mwaka 2014 na kumwachia Nakumatt maduka yake, Uchumi ikaondoka 2015, kisha Nakumatt mwenyewe akazama. Nakumatt alitanuka nchi nne kwa mikopo, wasambazaji hawakulipwa, wakaacha kuleta mzigo, rafu zikabaki tupu. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe, na matawi sita ya mwisho yakaenda kwa nani? Naivas! Wenyewe walibaki nyumbani Kenya, wakaenda mji kwa mji na mtaa kwa mtaa, wakaingia kwenye majengo ambayo wateja walishaijua njia yake. Huo ndio mkakati ninaoupigia saluti.

Ila kuna mwenzao wa mbali anayeninyima usingizi. Mwaka huohuo wa 1990, Korea Kusini, kampuni inayoitwa leo BGF Retail ilianza kuuza chini ya jina la FamilyMart la Wajapani. Mwaka 2012 ikabadilisha jina, maduka yakaitwa CU. Maduka yenyewe ni madogo, mengi hayalali, na ukijumlisha ya CU, GS25 na wengine, Korea ina zaidi ya 50,000 kwa watu wapatao milioni 51. Ni kama duka moja kwa kila watu elfu moja! Na sehemu tamu ni hii: maduka mengi yanaendeshwa na wenye duka wa palepale mtaani. Kampuni inaleta jina, mzigo na mfumo wa kuhesabu mauzo, mwenye duka anasimamia, faida wanagawana. Hata nje ya Korea CU imekwenda kwa kuwapa kampuni za wenyeji leseni: Mongolia 2018, Malaysia 2021, Kazakhstan 2024.

Umeona ninakoelekea? Naivas haiwezi kuja Zagayu. Duka la namna ile linataka umeme usiokatika, majokofu, na wateja wenye hela kila siku, wakati sisi hela yetu nyingi inaingia msimu wa pamba. Lakini mfumo wa Kikorea unaanza na mtu tuliyenaye tayari: mangi. Anakupimia sukari robo, anakukatia kipande cha sabuni, anakutolea hela ya simu, na ana daftari la madeni linalokuvusha mpaka pamba iuzwe. Naivas, pamoja na raha zake zote, haina daftari hilo.

Anachokosa mangi ni mgongo. Kila mmoja anafunga safari ya Bariadi kivyake, ananunua katoni mbili tatu kwa bei ya mnunuzi mdogo, analipa nauli na mzigo, na gharama yote inaishia kwenye kilo yako ya sukari. Maduka ishirini yakiagiza kama duka moja, gari moja likapita mara mbili kwa wiki, bei inashuka na kiberiti hakiishi dukani siku ya mnada. Wakiweka na jokofu, hata maziwa ya hapahapa mkoani yanapata pa kukaa badala ya kutuacha tunywe ya kutoka mbali.

Hukumu yangu, basi. Naivas: tisa kwa kumi. Mkate, mpangilio, na ile akili ya kukua bila papara vinastahili kila alama. Moja nimeikata kwa sababu haikopeshi. CU sijaingia, ila kwa akili ya biashara peke yake naitamani kuliko zote. Na kwenu akina mangi wa Zagayu: msingoje tajiri kutoka Dar es Salaam wala Seoul. Kaeni kikao kimoja kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, chagueni bidhaa tano zinazotoka sana, sukari, chumvi, sabuni, mafuta na unga, mziagize kwa pamoja. Mkifaulu kwa hizo tano, ya sita itakuja yenyewe.