Ngozi Ikilegea Jukwaani

Methali isemayo "Mwamba ngoma huvutia kwake" tumeifundisha sote, na takriban sote tumeifasiri kwa namna moja: kwamba kila mtu hutafuta faida yake. Wanafunzi wa mwanzo hudhani mwamba huo ni jabali. Tukiisha kuwasahihisha kwamba ni mtu awambaye, yaani atandazaye ngozi juu ya mzinga na kuikaza, twaona kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi haijaisha, na kwamba kwa kutojua kuwamba ni nini, sisi walimu tumekuwa waamuzi wabovu wa ngoma za watoto wetu. Nami ni wa kwanza wa kulaumiwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi miongoni mwa waamuzi wa tamasha la shule za sekondari hapa Uganda. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ukumbi ulijaa unyevu. Kundi moja lilipofika katikati ya mchezo wake, ile ngoma ndefu iitwayo engalabi, ipigwayo kwa viganja vitupu, ililegea na sauti yake ikafa. Kijana aliyeipiga aliinyanyua, akatoka mbio hadi nyuma ya jengo kulikokuwa na moto wa kupikia. Mwenzake wa embuutu hakunyamaza. Alipunguza mwendo, akaushika mdundo peke yake, na wachezaji wakazunguka mahali pamoja wakimngoja. Baada ya muda engalabi ilirudi ikilia kwa sauti kali, na watazamaji wakashangilia. Nami nikachukua kalamu nikakata alama, nikaandika: "Wamevunja mtiririko."

Mchezo ulipokwisha, kijana yule alinijia kwa adabu, akauliza, "Samahani, mwalimu, je, ingekuwa bora niendelee kuipiga ikiwa imelegea?" Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Jibu hilo halijanipa raha hata leo.

Tuitazame kazi yenyewe. Engalabi huwambwa kwa ngozi ya kenge iliyopigiliwa vijiti au misumari midogo ukingoni mwa mzinga. Ngozi ikinywa unyevu wa hewa hutanuka na kulegea. Ikipata moto hukauka, hujikunja na kukaza. Lakini moto una masharti yake. Ngoma ikikaribishwa mno, ngozi huungua au hupasuka. Ikiwekwa mbali mno, muda hupotea bure. Mpigaji huizungusha polepole huku akiigonga kwa vidole na kusikiliza, mpaka aisikie sauti aitakayo, tena aizidishe kidogo, kwa kuwa itashuka itakapopoa. Embuutu ni habari nyingine. Hiyo huwambwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, na ngozi hizo mbili hufungamanishwa kwa kanda za ngozi. Kuikaza ni kuzivuta kanda hizo upya, ukanda baada ya ukanda.

Na ngozi ikipasuka kabisa? Hapo hakuna haraka inayofaa kitu. Ngozi mpya hulowekwa hata ilainike, huwambwa ikiwa mbichi, kisha huachwa ikauke kwa siku kadhaa. Hakuna jukwaa liwezalo kungoja hivyo. Kwa hiyo kundi lenye busara huja na ngoma ya akiba iliyokwisha kupashwa moto, nayo huingizwa mchezoni mahali pa ile iliyopasuka. Katika ngoma zetu, kubadili ngozi upesi maana yake ni kubadili ngoma nzima.

Linganisheni na ngoma za bendi. Tangu miaka ya 1950 ngoma hizo zilianza kuwambwa kwa plastiki badala ya ngozi, na plastiki hainywi unyevu. Hushikwa na pete ya chuma yenye skrubu pande zote. Ikipasuka katikati ya muziki, fundi hulegeza skrubu, huinua pete, hutoa utando wa zamani, hupangusa ukingo, na kuweka mpya. Kisha hukaza skrubu zote kwa vidole kwanza, ndipo ashike ufunguo. Naye hakazi skrubu zilizo jirani kwa kufuatana, bali hukaza moja, kisha ile inayoikabili ng'ambo ya pili, nusu zungusho kila mara. Mwishoni hugonga karibu na kila skrubu na kusikiliza kama sauti zalingana. Aliyezoea hulimaliza jambo hili katika dakika chache tu, wenzake wakiendelea kupiga.

Hapa ndipo methali yetu inaponirudia. Kwa nini fundi yule hukaza pande zinazokabiliana? Kwa sababu akivuta upande mmoja tu, utando hupinda na sauti huharibika. Mwambaji wa ngozi naye hukabiliwa na jambo lile lile. Basi, kwa maoni yangu, methali haisemi tu kwamba watu ni wachoyo. Yatukumbusha pia kwamba ngoma iliyovutwa upande mmoja hailii vizuri. Aliyeitunga alikuwa anaijua kazi. Sisi tuifundishao bila kuijua kazi tumebaki na nusu ya maana.

Nirudi kwenye alama nilizozikata. Sisemi kwamba kila anayesimamisha mchezo asifiwe. Kundi lililofika na ngoma baridi, lisiloota moto kabla ya kuingia wala kuleta ngoma ya akiba, limezembea, na uzembe una adhabu yake. Lakini kijana yule alikuwa ameipasha ngoma yake asubuhi. Mvua ndiyo iliyomshinda. Aliisikia sauti ilipopotoka, jambo ambalo sisi waamuzi watatu hatukulisikia mpaka alipoondoka. Mwenzake aliujaza ule uwazi kwa mdundo, na wachezaji wakautii. Hayo yote ni sanaa, tena ni sanaa ngumu kuliko hatua walizozikariri. Fomu yetu ya uamuzi ilikuwa na nafasi ya mavazi, ya tabasamu na ya kuingia jukwaani. Ya sikio haikuwa nayo.

Napendekeza basi mambo mawili. Kwanza, waandaaji wa matamasha waweke moto salama karibu na jukwaa, na waamuzi wapime jinsi kundi linavyoitunza sauti, si muda peke yake. Pili, kabla ya kufundisha methali ile, mwalimu awapeleke wanafunzi kwa mwambaji, wakaguse ngozi mbichi na kujifunza maneno kuwamba, kukaza, kulegea na kupasha palepale maneno hayo yanapofanya kazi.

Ama kijana yule, sijui yuko wapi sasa. Angeniuliza tena leo, ningemjibu: "La, mwanangu. Ulifanya vyema kwenda motoni."