Taa za Kuazima

Aghalabu akina mama wanaonitambua pale Kwa Sadala, ninaposhuka katika gari la kutoka Moshi na kungoja jingine la kunipandisha Masama, huniuliza maneno ya kuchekesha ninayoyasema jukwaani nayatungia wapi, nami huwaonyesha soko lililo mbele yao, wakadhani nawakwepa. Siwakwepi. Muuza ndizi niliyemsikia pale akiambiwa na mnunuzi kwamba mkungu wake ni mdogo, akajibu bila kuinua macho katika ndizi za mshare alizokuwa akizipanga, "Nenda nao polepole, shemeji, labda utakua njiani," alikwisha kuifanya kwa pumzi moja kazi ambayo mimi hulipwa ujira kuifanya: alilipokea neno la mwenziwe kama lilivyo, wala hakulikataa, akaligeuza upande wa pili.

Na sanaa hii ya kulidaka neno papo hapo haikuletwa juzi na vijana wanaosimama peke yao na kipaza sauti. Kabla runinga haijaenea, vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano ya Norbert Chenga, na baadaye Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba iliyoanzishwa mwaka 1992, vilijaza viwanja vya mabaa kwa onyesho refu lenye ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo, na maigizo yale hayakuwa na mswada: wachezaji walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajitafutia maneno yake mbele ya hadhira. Mtu asidhani ule ulikuwa uvivu. Asiye na mswada hana budi kumjua mwenzake barabara, apumuapo na asitapo, na pale alipozoea kuliacha neno likining'inia ili mwingine alidake. Marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga (1948–2018), alikuwa fundi wa jambo hilo. Mtazame Majuto wakati mwenzake asemapo, utauona uso wake umekwisha kujibu ilhali kinywa bado kimefumba.

Sisi wanawake njia yetu ina kokoto zaidi. Nampenda Joti, mchekeshaji mwanamume, lakini nakiri kwamba kila ajapo na gauni na kilemba, watu wakaanguka kwa kicheko naye hajatamka neno, roho huniuma kidogo, kwa kuwa mimi gauni nalivaa kila siku na halijapata kunichekeshea mtu. Ndiyo sababu namheshimu Mary Khavere, Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, aliyedumu miaka mingi katika runinga ya Kenya akiwa mama wa nyumbani mwenye ulimi mkali, na mchekeshaji Anne Kansiime wa Kabale, Uganda, ambaye jukwaa humtosha peke yake.

Usiku ulionitia adabu, nikajua mwenyewe maana ya kukosa mswada, ulikuwa wa arusi, hapo hapo Kwa Sadala, katika ua wa baa. Nilikuja na karatasi tatu nilizozihangaikia siku nyingi, na mzaha wangu mkubwa ulikuwa juu ya bwana arusi aliyeazima koti, viatu na gari. Ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, imesimama mezani na majani mdomoni, wazee wamekaa na pombe yao ya mbege, nami ndio kwanza nimefika kwenye viatu, umeme ukakatika. Kipaza sauti kikafa mkononi. Nikabaki katika giza la mlimani na karatasi zisizosomeka, bila neno hata moja, mpaka sauti ya bibi mmoja ikatoka nyuma: "Mwenye taa naye kaja kuchukua zake!"

Kicheko kile mimi sijapata kukizusha maishani mwangu, na sitaficha kwamba nilikionea wivu. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Basi nishike mkono, maana mimi nami ni wa kuazima, na mwenye mali yuko mlangoni."

"Mwache akuchukue, tule!"

Tukaenda hivyo takriban nusu saa, yeye akinipa neno nami nikimrudishia, watu gizani wakitia lao, hata bwana arusi mwenyewe akainuka kulitetea koti lake, ambalo kumbe lilikuwa lake kweli, akaapa kwamba amelinunua. Bibi akamuuliza, kwa upole kabisa, "Na deni lake je, nalo ni lako?" Kila nilipojaribu kuukumbuka mzaha niliouandika, mazungumzo yalilegea, kila nilipoacha kukumbuka na kumsikiliza bibi, yalisimama tena. Sijui shule iliyoweza kunionyesha hilo waziwazi kuliko nusu saa ile.

Umeme uliporudi niliziona karatasi zangu zote tatu mezani, zimefungiwa mabaki ya ndafu. Aliyezifunga ni bibi yule, na kifurushi kimoja alikuwa ameniwekea mimi.