"Masafa": Neno Moja, Vipimo Vitatu

Katika istilahi za mawasiliano ya simu, neno "masafa" linahitaji kuchunguzwa upya. Tuseme mwanagenzi wa uhandisi amepelekwa kuhudumia mnara huko Tumati, wilayani Mbulu. Akiagizwa "pima masafa", apime umbali hadi mnara wa pili, au idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde? Mhandisi hukusudia maana ya pili. Lugha ya kila siku hushikilia ya kwanza.

Utata huu si wa leo. Watangazaji wa redio walituzoesha "masafa mafupi", wakikusudia urefu wa wimbi. Lakini wimbi likiwa fupi, mitetemo huzidi: wimbi la mita 100 ni takriban kilohezi 3,000, na la mita 10 ni kilohezi 30,000. Kwa hiyo "masafa mafupi" ya mtangazaji ndiyo "masafa ya juu" ya mhandisi. Mwanagenzi asipoelezwa hayo, atadhani vitabu vyake vinapingana.

Hatusemi neno lifutwe, kwani limekwisha kukita mizizi. Twapendekeza "masafa" libaki kwa mitetemo, "urefu wa wimbi" utajwe kwa jina lake, na "umbali" utumike baina ya minara. Istilahi njema humwongoza mwanagenzi, haimtegi.