Watu wa Kisiwa Walipozungumza Kisukuma

Mara ya kwanza kuiona King Kong ya Peter Jackson nilikuwa darasa la nne, kwenye banda la video pale Dutwa. Kiingilio kilikuwa shilingi 100. Ndani mabenchi ya mbao, nyuma jenereta inanguruma, na pembeni ya televisheni msimulizi ameshika maiki, anatugeuzia Kiingereza kuwa Kiswahili na, akinogewa, Kisukuma. Filamu ina dakika 187. Petroli haikutosha. Jenereta ilizima Kong akiwa juu ya jabali na yule dada, wanatazama jua likizama. Tukarudi nyumbani tukiamini hadithi imeishia hapo.

Mwaka huu, nikiwa nasoma shahada ya uzamili, nimeitazama yote kwenye kompyuta, kwa sauti yake yenyewe. Nilitaka kujua kama inastahili urefu wake.

Kwa upande wa Kong, inastahili. Filamu ya awali, ya Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack, ilitoka mwaka 1933 na ina dakika 100 tu. Kong wake alikuwa mwanasesere aliyevikwa manyoya ya sungura, akisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Ukitazama vizuri utaona manyoya yanachezacheza; ni alama za vidole vya mafundi. Jackson, mwaka 2005, alitumia zaidi ya dola milioni 200. Mwigizaji wake, Andy Serkis, alikwenda hadi Rwanda kuwatazama gorila kabla ya kumwigiza Kong, na safari ile inaonekana machoni pa mnyama. Anaponuna, anapozeeka, anapoteleza kwenye barafu ya New York na kushangaa, nilisahau kabisa kwamba ni kazi ya kompyuta.

Kwingineko wingi unaiharibu. Kong haonekani mpaka zaidi ya saa nzima imepita. Kwenye filamu ya 1933 anapigana na dinosaria mmoja mkali. Hapa wamekuwa watatu, na mimi sikuogopa mara tatu. Nilichoka.

Lakini kilichonisimamisha ni wenyeji wa kisiwa. Kwenye filamu ya kwanza wamedhalilishwa, hilo halina ubishi. Hata hivyo wana chifu, ameigizwa na Noble Johnson, Mmarekani mweusi. Wana lugha ambayo nahodha anaielewa. Wanajadiliana bei na wageni. Kong anapovunja lango, wanapigana naye. Jackson, miaka 72 baadaye, aliwaondolea hata hayo. Wake wanatoa macho, wanatetemeka, wanaua, wanamtoa dada kafara, kisha wanatoweka. Kwa ajili ya sokwe mtu alisafiri mpaka Rwanda. Wenyeji hawakupewa hata sentensi moja ya kueleweka.

Watetezi watasema Jackson alijua anachofanya. Melini kuna Hayes, Mmarekani mweusi mwenye busara, na kijana anayesoma kitabu cha Conrad kuhusu Kongo. Na kwenye onyesho la New York, wacheza ngoma wamevalishwa kama wenyeji wa filamu ya 1933, kejeli kwa zile picha za kale. Nakubali, kejeli ipo. Lakini ili tuicheke New York ilibidi kwanza tuogopeshwe kisiwani, na kule kisiwani hakuna kejeli yoyote.

Nilirudisha nyuma eneo lile mara mbili, kwa sababu nilikumbuka maneno. Nilikuwa na hakika yule bibi kizee alizungumza. Aliwauliza wageni mbona wameingia kijijini bila hodi, hata mwangaluka hamna? Na mgeni alipompa mtoto chokoleti, bibi alisema: anampa mtoto kitu hajasalimia wakubwa, huyu ana lake jambo. Banda zima lilicheka. Tulimwelewa.

Yalikuwa maneno ya msimulizi. Aliona watu wanafungua midomo bila kusema kitu, akawapa la kusema. Sidhani kama alikusudia kutetea mtu. Pengine alitaka tu tusisinzie. Lakini alikuwa makini kwa namna yake. Mwanzoni alimwita Kong Shing'weng'we, lile zimwi la ngano zetu lililomeza watu wote mpaka Masala Kulangwa akaja kulipasua. Kong alipomwokoa dada kutoka kwa dinosaria, msimulizi aliacha kulitumia jina hilo. Shing'weng'we hamwokoi mtu. Akaanza kumwita Kong, basi.

Hiyo ndiyo hukumu yangu. Filamu hii ilitumia saa tatu kutuonyesha kwamba mnyama ni kama mtu, na ilifaulu. Njiani iliwafanya watu kuwa mazimwi, na haikugeuka nyuma kuwatazama. Kule Dutwa, mtu mmoja mwenye maiki na nusu galoni ya petroli aliwatazama, akawabishia hodi.