Ncha ya Kioo na Seli ya Tumbo

Misuli laini ya tumbo la mwanadamu hujikunja mara 3 hivi kwa dakika, na kila mkunjo hutegemea ioni zinazopita katika vijilango vya protini kwenye utando wa seli. Kijilango kimoja kikifunguka, mkondo wake ni pikoampea chache tu. Pikoampea 1 ni ioni milioni 6 hivi kwa sekunde, lakini ni umeme mdogo mno unaomezwa na kelele za chombo chenyewe cha kupimia.

Mwaka 1976, Erwin Neher na Bert Sakmann wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha njia: kugandamiza ncha ya mrija wa kioo kwenye msuli wa chura, ili kipande kidogo cha utando kitengwe na kelele za jirani. Miaka michache baadaye ikagundulika kwamba hewa ikifyonzwa kidogo kupitia mrija safi, kioo hushikamana na utando kwa ukinzani wa gigaomu nzima. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1991.

Vitabu husifu nadharia. Mikono ya fundi inastahili sifa kubwa zaidi. Mrija hupashwa moto katikati na kuvutwa hadi ukatike vipande viwili, kila ncha ikiwa na tundu la mikromita 1 hivi. Kingo zake hulainishwa kwa joto chini ya hadubini. Ndani hutiwa maji ya chumvi na uzi wa fedha. Kipande cha msuli wa tumbo la chura huloweshwa katika vimeng'enya hadi seli ziachane, ndefu na nyembamba, zimechongoka pande zote mbili. Mrija ukishuka, fundi hupuliza taratibu ili ncha isiokote uchafu. Ukigusa seli, huacha kupuliza na kufyonza kidogo, mara nyingi kwa mdomo wake mwenyewe. Akizidisha, utando hupasuka.

Huko Massachusetts, Marekani, Joshua Singer na John Walsh walizichunguza seli za tumbo la chura kwa ufundi huu. Walikuta vijilango vikubwa vya potasiamu vinavyofunguliwa na kalsiamu iliyo ndani ya seli. Mwaka 1988, pamoja na Michael Kirber, walieleza jambo tamu zaidi: ule mfyonzo wenyewe ulikuwa ukifungua vijilango vingine, kwa kuunyoosha utando. Pumzi ya fundi ilifanya kazi ya chakula kinachotanua tumbo. Vijilango hivyo huingiza ioni chanya, volti ya utando hubadilika, vijilango vya kalsiamu hufunguka, na msuli hujikunja. Kalsiamu hiyohiyo ikivifikia vile vikubwa vya potasiamu, breki hushikwa.

Kwa kawaida, mrija uliogusa seli moja hautumiki tena. Kwa seli inayofuata, huvutwa mwingine.